Vizibo vya masikio: namna ya kuchagua na kuvaa kwenye muziki wa sauti kubwa

Umetoka kwenye harusi saa tisa usiku. Umelala, umeamka, na bado sikioni kuna mlio kama wa nyenje. Wengi husema ni uchovu wa mkesha. Ukweli ni kwamba masikio yamepigwa na sauti kupita uwezo wake. Mlio huo ukijirudia kila baada ya sherehe, usikivu unaanza kupungua kidogo kidogo.

Katika makala haya tunaeleza kinga rahisi ambayo wengi wetu hatuitumii: vizibo vya masikio. Havizuii kufurahia muziki. Ukipata vinavyokufaa, utausikia vizuri na utarudi nyumbani na masikio mazima.

Sauti inaharibu nini?

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kazi yake ni kupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha, na zikichoshwa mara nyingi hufa. Kwa binadamu seli hizi zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Dalili za mwanzo hazishtui. Unasikia mtu anaongea lakini hushiki maneno, hasa penye kelele. Sauti nyembamba, kama za watoto na ndege, zinafifia. Nyumbani wanalalamika kwamba unafungulia redio juu mno.

Kubwa ni kiasi gani?

Sauti hupimwa kwa desibeli. Maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60. Muziki mbele ya spika kubwa hufika 100 au zaidi.

Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2. Zikifika 100, muda unaobaki ni dakika 15 tu.

Huna kipimo? Msogelee mwenzako mpaka uweze kumgusa kwa kunyoosha mkono. Ikiwa lazima upaze sauti ndipo akusikie, masikio yako yanahitaji kinga.

Aina za vizibo

*Vya sponji.* Ndivyo vya bei ndogo. Hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, baadhi ya maduka ya vifaa vya ujenzi na maduka ya dawa mjini. Vinakinga vizuri vikivaliwa sawasawa. Kasoro yake ni kwamba hukata zaidi sauti nyembamba, hivyo muziki husikika kama unatoka chumba cha pili. Vikichafuka au vikikakamaa, tupa.

*Vya mpira laini.* Vina matabaka kama mwavuli. Huoshwa kwa maji na sabuni na kutumika tena. Chagua saizi inayoziba bila kuumiza.

*Vya wanamuziki.* Vina kichujio kidogo kinachopunguza sauti nene na nyembamba kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo muziki unabaki wazi. Ni ghali zaidi, lakini vinamfaa DJ, mpiga ala, fundi wa spika au yeyote anayekaa kwenye muziki kila wiki.

*Vya kufunika sikio lote.* Hivi vinafaa watoto wadogo, kwani vizibo vidogo vinaweza kuwaingia kooni wakivitia mdomoni.

Pamba na karatasi laini si kinga. Sauti hupenya, nawe unabaki ukidhani umejikinga.

Namba kwenye pakiti

Pakiti huwa na herufi NRR au SNR na namba, kwa mfano 30. Hizo ni desibeli zilizopungua maabara, kizibo kikiwa kimevaliwa na mtu aliyeelekezwa. Kwa vizibo vya sponji, mwaka 1998 NIOSH ilishauri namba ya NRR ihesabiwe nusu. Basi 30 ichukulie kama 15. Muziki wa 100 unakufikia ukiwa umepungua, na muda wako salama unaongezeka.

Lakini ukivitoa kwa dakika 15 tu karibu na spika ili upige soga, umemaliza kipimo cha siku nzima. Ndiyo maana kizibo bora ni kile unachoweza kukivaa mpaka mwisho.

Namna ya kuvaa vya sponji

1. Nawa mikono.
2. Kisokote kizibo kwa vidole kiwe chembamba bila mikunjo.
3. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke.
4. Kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kitanuke.
5. Jaribu: ongea. Sauti yako ikisikika nzito, kama umo ndani ya pipa, kimekaa vizuri. Kama sivyo, kitoe urudie.

Wakati wa kutoa, kizungushe taratibu. Usikichomoe ghafla.

Nani asivae?

Mwenye sikio linalouma, linalotoa usaha au lenye kiwambo kilichotoboka asitie kitu ndani. Aende kituo cha afya kwanza.

Ukiwa huna vizibo

Ondoka karibu na spika. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, kwa mfano kutoka mita 5 hadi 10, sauti hupungua kama desibeli 6. Toka nje mara kwa mara upumzishe masikio. Usiache mtoto alale karibu na spika, hata kama kelele hazimwamshi.

Mlio ukiendelea zaidi ya siku mbili, nenda ukapimwe. Ukiamka na sikio moja halisikii ghafla, nenda siku hiyohiyo: tiba ya tatizo hilo inategemea sana kuwahi.

Vizibo hivihivi vinakufaa pia kwenye mashine ya kusaga na msumeno wa mota. Viweke kwenye kiboksi safi, uende navyo.