Kutangulia si kushinda: dereva, kompyuta na mita chache za mwisho

Leo naweka kando programu na seva, niwapeleke Marekani kwenye mchezo mmoja wa magari. Msikimbie, kompyuta zitaingia humu, tena ndizo zilizonivuta. Sisi wa huku tukisikia mbio za magari tunafikiria Safari Rally: vumbi, matope, siku kadhaa njiani. Mchezo ninaousema huisha kwa sekunde. Magari mawili yanasimama sambamba kwenye lami iliyonyooka, taa zinawaka, yanachomoka, na baada ya robo maili, yaani mita 402, kazi imekwisha. Hizo ndizo mbio za dragi. Ndani yake kuna tawi linaloitwa mbio za breketi, na humo anayevuka mstari wa kwanza anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 1950 uwanja wa kwanza wa biashara ulifunguliwa Santa Ana, California, kwenye njia ya ndege. Mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA. Siku hizo mbio zilianzishwa na mtu mwenye bendera. Madereva wajanja hawakuitazama bendera yenyewe, walimtazama mshikaji. Bega likitikisika tu, wameondoka! Na gari dhaifu likishindana na lenye nguvu, lilitangulizwa mbele kwa kukadiria urefu wa magari kadhaa. Yaani macho na maelewano.

Mwaka 1963 NHRA ikaleta nguzo ya taa wanayoiita mti wa Krismasi. Wengi huisifu kwa kumwondoa mtu wa bendera, lakini mimi naona kubwa lilikuwa jingine: kila upande wa nguzo una hesabu yake. Sasa gari la polepole liliweza kupewa taa zake mapema, kwa kiasi kamili cha muda.

Hilo lilifungua mlango kwa watu wasio na pesa. Kwa kawaida mwenye injini ghali ndiye anashinda, na mwenye gari la kwendea kazini anakaa jukwaani akila njugu. Katika miaka ya 1970 mbio za breketi zikashika kasi. Mwanzo magari yaligawanywa kwa makundi ya muda, tuseme sekunde 12.00 hadi 12.99, na hapo ndipo jina lilipotoka. Baadaye kila dereva akawa anatangaza muda wake mwenyewe na kuuandika kwenye kioo kwa kiwi nyeupe ya viatu.

Tuchukue mfano. Gari la kwanza limetangaza 14.20, la pili 10.50. La kwanza linapewa taa sekunde 3.70 mapema. Kila moja likitimiza ahadi yake, na madereva wakiitikia taa sawasawa, yanafika mstarini pamoja. Je, ukitangaza 14.20 kumbe gari lako linakimbia 13.80? Basi umevunja muda wako na umeshindwa. Bila sheria hiyo kila mtu angedanganya.

Kwa sisi watu wa programu, hukumu yake ni mfululizo wa masharti. Kwanza, nani ameondoka kabla ya taa ya kijani? Huyo ametoka. Pili, nani amekimbia chini ya muda aliotangaza? Huyo ametoka, wakiwa wote wawili, anatoka aliyevunja kwa kiasi kikubwa zaidi. Tatu, kama wote ni wasafi, nani ametangulia mstarini? Angalia vizuri: swali ambalo mtazamaji anadhani ndilo mchezo wenyewe linaulizwa mwisho.

Sasa kompyuta. Taa za manjano ni tatu, zinapishana kwa nusu sekunde, kisha kijani. Ukingoja kijani umechelewa, kwa hiyo dereva wa mguu huondoka akiona manjano ya tatu, na mguu na macho yake vinapaswa kufanana kila mara. Katika miaka ya 1980 kikaenea kisanduku cha kuchelewesha. Dereva anashikilia kitufe kinachofunga giaboksi. Taa ya manjano ya kwanza ikiwaka anakiachia, lakini gari haliondoki: kisanduku kinahesabu kwanza, sekunde moja na ushei, kisha ndipo kinaliachilia. Ile taa ya kwanza humjia mtu ghafla na bila kubahatisha, hivyo mwitikio wake hautofautiani sana. Dereva akigundua amezoea kuchelewa kwa elfu kumi za sekunde, anapunguza namba kwenye kisanduku. Ni kama kurekebisha programu.

Waliozoea mguu walinung'unika, na ndiyo sababu hadi leo viwanja vingi vina daraja lao pekee, lisiloruhusu kisanduku. Manung'uniko yao nayaelewa, ila nadhani kisanduku hakikuua ustadi. Kiliusukuma mbele, hadi upande wa pili wa lami. Mwanzo ulipokuwa mgumu, mtu alishinda kwa kuondoka vizuri. Wote walipoanza kuondoka vizuri, ikabaki mita chache za mwisho.

Rudi kwenye mfano wetu. Gari la sekunde 10.50 linafika mwisho likiwa na kasi kama kilomita 205 kwa saa, na lile la 14.20 kama 155. Tofauti ni kilomita 50, karibu mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo kama watafika sawa, sekunde moja kabla ya mstari wa haraka bado yuko nyuma mita 14. Anamwona mwenzake mbele kupitia kioo. Mwenzake naye amegeuza shingo kumtazama. Kila mmoja anajiuliza: atanifikia?

Wa haraka ameficha kitu. Anajua gari lake linaweza 10.50 lakini ameandika 10.55. Ana akiba ya sehemu tano za mia. Anamfikia mwenzake mapema, kisha anaachia mafuta na kumtangulia kidogo tu iwezekanavyo. Akimtangulia kwa elfu tano za sekunde, hiyo kwake ni chini ya sentimita 30. Akizidisha, anavunja muda.

Wa polepole anayajua hayo. Akiona anafuatwa kwa kasi kupita kiasi, anakanyaga breki ghafla. Yule wa nyuma anapita kama mshale, anavuka wa kwanza, na ubao unamwonyesha amevunja muda wake. Lakini akiona pua ya gari la mbele imeinama, naye anakanyaga breki. Hapo una watu wawili, kwenye kasi ya kutisha, wanashindana kutofika! Magari yameyumba na kugonga ukuta kwa mchezo huu, maana tairi pana za nyuma hazikutengenezwa kwa kufungiwa breki kwa kilomita 200.

Sensa na kompyuta ndogo zingeweza kufanya hesabu hiyo kuliko jicho. Lakini sheria za NHRA zinakataza kifaa chochote cha kumwambia dereva, wakati wa mbio, gari lake au la mpinzani liko wapi kwenye lami. Mwanzoni mwa mbio kompyuta imekaribishwa, mwishoni imefungiwa nje.

Na haya si mambo ya kujifurahisha tu. Mwaka 1996 George Howard alianzisha kule Alabama mbio za breketi zilizopewa jina la dola milioni moja. Ili kufika fainali lazima ushinde raundi moja baada ya nyingine, na kila raundi ina mpinzani mpya mwenye namba yake kwenye kioo, ambayo huenda ni ya kweli na huenda ameificha kidogo.