Mafuta ya Simba na Kipara Changu

Jumamosi iliyopita kinyozi wangu alipitisha mashine kichwani mwangu mara mbili tatu, akaizima, akasema: "Mzee, leo nilipe nusu." Waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mmoja akadakia kwamba huyo si wa nusu, kipara ni utajiri.

Nilikwisha kuhangaika kabla ya hapo. Miaka sita iliyopita nilinunua chupa kwa muuzaji wa barabarani aliyeapa kwamba ndani yake mna mafuta ya simba. Nilipaka miezi mitatu. Ulionenepa ni mto wa kitandani. Baadaye nikasoma kwamba sikuwa wa kwanza. Gombo la tiba la Misri liitwalo Ebers, la karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, lilimwelekeza mwenye kipara apake mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi-mwitu. Wenzetu walimaliza mbuga nzima!

Na sababu yenyewe ilikwisha kudokezwa zamani. Maandishi ya tiba ya Kiyunani yanayohusishwa na Hippocrates yalitaja kwamba matowashi hawaoti kipara. Ikapita miaka zaidi ya 2,000 kabla jambo hilo halijachunguzwa barabara. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alichapisha habari za wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakuwa na vipara. Walipopewa homoni ya kiume, wale wenye ukoo wa vipara walianza kunyonyoka nywele. Wengine wakabaki na zao. Yaani yanatakiwa mawili, homoni na urithi. Urithi huo hutoka pande zote mbili, kwa hiyo tusimsingizie mjomba peke yake. Kofia nayo haimo. (Mapunye ni jambo jingine, huo ni ugonjwa wa kuvu na una dawa yake.)

Dawa mbili zinazojulikana sana zilianzia kwenye maradhi mengine. Minoxidil ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele hata mahali wasipozitaka. Mwaka 1988 Marekani ikairuhusu ipakwe kichwani. Finasteride ilikuwa ya tezi dume, ikaruhusiwa mwaka 1992, na kwa kipara mwaka 1997. Husaidia zaidi anayeanza mapema, wala si kila mtu. Ukiacha, nywele huanza tena kwenda zake. Isitoshe, finasteride huweza kuwapunguzia baadhi ya wanaume hamu ya tendo la ndoa, na hilo muuzaji hakwambii. Muulize daktari kwanza.

Sasa nirudi kwenye benchi. Mwaka 2017, wilayani Milange, jimbo la Zambezia nchini Msumbiji, wanaume wenye vipara waliuawa. Polisi walieleza kuwa wapo walioamini kwamba vichwani mwa watu hao mna dhahabu. Waliouawa walikuwa na urithi wa baba na mama zao tu, kama mimi. Kwa hiyo yule kijana aliponiita tajiri, wenzake walicheka, mimi nikashindwa. Nilimweleza habari za Milange, na benchi zima likanyamaza.

Kinyozi nilimlipa bei kamili. Jumamosi ijayo nitamwambia azimalize zote.