Dhahabu Iliondoka, Kimondo Kikabaki

Sisi tuliokulia Chunya, kusini-magharibi mwa Tanzania, tulizoea kutazama chini. Baba yangu alichimba dhahabu kandokando ya mto Lupa, nami nilijua kuzungusha karai kabla sijajua kusoma. Habari za dhahabu ya Lupa zilianza kuvuma mwaka 1922. Mwaka 1927 mji wa Mbeya ukaanzishwa, wachimbaji wakimiminika. Mgodi wa New Saza, huko huko Lupa, ulizalisha kuanzia 1939 hadi 1956. Mali ile yote ilisafirishwa. Tulichobakiwa nacho ni maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyobomoka, na marundo ya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, ambayo vijana wanayasaga tena kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe.

Ndiyo maana nakipenda Kimondo cha Mbozi, jiwe lililoanguka kutoka angani na kubaki pale pale, kusini-magharibi mwa kwetu. Wenyeji walilijua jiwe hilo tangu zamani. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott alilikuta kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, na habari zake zikaenea duniani. Lina urefu wa karibu mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Asilimia 90 hivi ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Shimo la kuangukia halionekani, dalili kwamba lilianguka zamani mno.

Kwingine vitu vya ajabu viliishia mikononi mwa watu. Ulaya ya karne ya 16 na 17, wafalme na matajiri walijenga vyumba vya maajabu: mayai ya mbuni, vifuu vya nazi vilivyopambwa kwa fedha, pembe za ndovu, mawe ya ajabu. Kila muujiza ulikuwa na mwenyewe. Hata kabla ya hapo, tazama yaliyolipata jiwe lililoanguka Ensisheim, Alsace, tarehe 7 Novemba 1492. Watu walikimbilia kulimegua, kila mmoja akitaka kipande chake. Mfalme Maximilian akalitafsiri kuwa ishara ya Mungu, likahifadhiwa kanisani. Hata hivyo liliendelea kumegwa: kati ya kilo 127 hivi, zimesalia zisizofika 60.

Baadaye wasomi wengi walikana kabisa kwamba mawe huanguka kutoka angani. Mwanafizikia Ernst Chladni alipotetea jambo hilo kwa maandishi mwaka 1794, wengi walimbeza. Hoja zake zilipata nguvu mwaka 1803, maelfu ya mawe yalipomwagika L'Aigle, Ufaransa, na mwanasayansi Jean-Baptiste Biot akaenda kuwahoji wanakijiji walioshuhudia.

Hapo nasimama upande wa wanakijiji. Ushahidi wao ulikuwa na thamani kwa sababu waliishi pale jambo lilipotokea. Kimondo chetu nacho kinafundisha vizuri zaidi kikiwa Mbozi, kwenye udongo kilipokutwa, kuliko kama kingegawanywa vipande kwa ajili ya makabati ya mbali. Uzito wake ulikilinda kwa karne nyingi. Sasa ulinzi huo ni wajibu wetu. Walimu wa Chunya, wapelekeni watoto wakakiguse. Wanajua tayari thamani ya kitu kinachouzwa kwa gramu. Wafundisheni na thamani ya kitu ambacho hakipaswi kuuzwa kamwe.