Kutafuta Mahali pa Programu kwa Amri

Kutafuta mahali pa programu kwa amri ni kuiuliza kompyuta, kwa maandishi katika terminali, ni faili ipi hasa itekelezwayo mtu aandikapo jina fulani, na faili hiyo inakaa folda gani. Huko Kenyenya, katika nchi ya Wamachoge, kaunti ya Kisii, mgeni aulizaye nyumba ya Moraa hujibiwa kwanza kwa swali, Moraa wa nani, maana jina hilo ni la wengi. Kompyuta haiulizi hivyo, bali hupitia folda moja baada ya moja katika orodha iitwayo PATH, iliyokuwamo katika ganda la amri alilolitunga Stephen Bourne kwa Toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, na jina la kwanza lilinganalo ndilo iliitikialo.

Hapo ndipo asili ya taabu nyingi. Mwalimu aliyesakinisha Python mpya katika /usr/local/bin, ilhali ile iliyokuja na mfumo wa Ubuntu ingali katika /usr/bin, ana programu mbili zenye jina moja; tena ganda liitwalo bash hukumbuka anwani ya amri iliyokwisha kutumika, basi laweza kuendelea kuiendea ile ya kale mpaka aandike hash -r.

Amri mashuhuri ni which, lakini kwa rai ya mwandishi haifai kutegemewa peke yake, kwa kuwa aghalabu huwa nje ya ganda na haijui majina ya mkato yaliyowekwa humo. Amri type -a ni sahihi zaidi: ganda lenyewe ndilo lijibulo, nalo hutaja kila lilinganalo kwa utaratibu wake. Kwa hati za amri, command -v ndiyo iliyomo katika kanuni za POSIX.

Wala jibu la kwanza si lazima liwe la mwisho. LibreOffice ikisakinishwa katika Ubuntu kwa vifurushi vya deb vya Ubuntu yenyewe huonekana katika /usr/bin/libreoffice, lakini hicho ni kiungo tu kielekezacho kwingine. Amri readlink -f hufichua kuwa hati iianzishayo imo /usr/lib/libreoffice/program/soffice.

Katika Windows amri ni where, ila ndani ya PowerShell iandikwe where.exe, kwa kuwa where pekee humo ni jina la amri nyingine.