Mnyama kabla ya nusukaputi: historia ya swali moja

Mwezi Januari mwaka 1848, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alifariki dunia karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, muda mfupi baada ya kuvutishwa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa mguu. Dawa hiyo ilikuwa imeanza kutumiwa mjini Edinburgh chini ya miezi mitatu tu kabla yake. Likazuka swali: iwapo dawa ni ile ile, mbona mmoja huamka na mwingine haamki?

Swali hilo liliwakabili pia madaktari wa wanyama, hasa baada ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1919 kuagiza baadhi ya upasuaji wa wanyama ufanywe kwa nusukaputi.

Mwaka 1941, daktari wa Marekani, Meyer Saklad, alichapisha utaratibu wa kuwapanga wagonjwa wa kibinadamu kwa madaraja. Kilichopimwa kilikuwa hali ya mwili wa mgonjwa, si ukubwa wa upasuaji. Baadaye madaktari wa wanyama waliuchukua utaratibu huo. Leo mnyama mwenye afya huwekwa daraja la kwanza, na aliye mahututi daraja la tano.

Kazi hiyo ni ngumu kwa kuwa mbwa hawezi kusema kwamba kifua kinambana. Daktari humhoji mwenye mnyama, husikiliza moyo na mapafu, hutazama rangi ya ufizi, na humpima uzito kwa mizani. Kwa paka wa kilo 4, kukosea nusu kilo tu kwaweza kuzidisha dawa.

Thamani ya uchunguzi huo ilidhihirika katika utafiti uliofanywa nchini Uingereza kati ya mwaka 2002 na 2004, katika vituo 117 vya tiba ya wanyama. Kati ya mbwa wenye afya, alikufa mmoja katika kila 1,849. Kati ya wagonjwa, mmoja katika kila 75. Kwa sungura wagonjwa, alikufa mmoja katika kila 14. Aidha, asilimia 61 ya vifo vya paka vilitokea baada ya upasuaji kwisha.

Uchunguzi hauondoi hatari. Lakini humwonyesha daktari ni mnyama yupi atibiwe kwanza, yupi asubiri, na yupi asiachwe peke yake hata baada ya kufumbua macho.