Monopsoni, au Uhodhi wa Mwajiri

Joan Robinson, mwanauchumi wa Cambridge, alipokuwa akiandika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu ushindani usio kamili, alikosa neno la kulitaja soko lenye wauzaji wengi na mnunuzi mmoja. Mtaalamu wa lugha za kale, B. L. Hallward, akamsaidia kuliunda kutokana na Kigiriki: monopsoni. Katika soko la kazi, mnunuzi huyo ni mwajiri.

Kiswahili kina "ukiritimba", lakini neno hilo huelekea kwa muuzaji, na magazetini limekwisha kuchukua maana ya urasimu. Napendekeza "uhodhi wa mwajiri", kwa kuwa linamtaja anayehodhi.

Si lazima mwajiri awe mmoja nchi nzima. Umbali peke yake unatosha kumpa uhodhi. Tuseme shamba linahitaji vibarua, na kazi ya kila mmoja ina thamani ya shilingi 13 kwa siku. Jirani wa shamba anakubali 10. Wa pili, anayetoka mbali, hashuki chini ya 12. Ikiwa malipo ni sawa kwa wote, kumchukua wa pili ni kumwongezea na wa kwanza: gharama inapanda kutoka 10 hadi 24. Kwa hiyo wa pili anagharimu 14, naye anaachwa. Mwajiri akiweza kubagua, huyu 10 na yule 12, wote wanapata kazi. Ubaguzi wa mshahara umeongeza ajira, ila jirani analipwa kidogo kwa sababu tu anakaa karibu.

Waajiri wengi nao waweza kujifanya mmoja. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge Tanganyika waliunda SILABU, ofisi ya kuwaandikisha manamba kutoka sehemu za mbali kama Songea, Njombe na Kigoma. Badala ya kugombea wafanyakazi kwa kupandisha mshahara, waliwatafuta kwa pamoja.

Hapo ndipo kima cha chini cha mshahara kinapopata hoja yake. Turudi kwenye mfano wa shamba: sheria ikiweka 12 kwa wote, jirani lazima alipwe 12 hata akiwa peke yake, kwa hiyo wa pili anagharimu 12 tu, naye anaajiriwa bila mtu kubaguliwa. Kikivuka 13, wote wawili wanabaki nje. Kabla ya kubishana kama kima cha chini kinaua ajira, tuulize kwanza: vibarua wa mahali hapo wana waajiri wangapi wa kuchagua?