Ngalawa au Mashua?

Mvuvi wa pwani ya Afrika ya Mashariki anapotaka kujipatia chombo, hukabiliwa na swali ambalo babu zake walilijua vema: achukue chombo kidogo akavue karibu na nchi, au achukue kikubwa aende mbali? Mtu wa bara hudhani ya kuwa jawabu ni jepesi, na ya kuwa kikubwa ni bora sikuzote. Historia ya pwani yetu haikubaliani na dhana hiyo.

Swali hili ni la kale sana. Yapata miaka 2,000 iliyopita, msafiri mmoja aliyeandika kwa Kiyunani alitunga kitabu cha safari za bahari hii, kiitwacho Periplus. Jina lake halikuhifadhiwa, lakini maneno yake yamehifadhiwa. Alitaja kisiwa kimoja cha pwani yetu ambacho wenyeji wake walikuwa na vyombo vya namna mbili: vilivyotengenezwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, na mitumbwi iliyochongwa katika gogo moja. Kwa vyombo hivyo walivua samaki na kukamata kasa. Tena walitega samaki kwa vikapu penye milango ya maji, na msomaji aliyepata kuona dema hatakosa kuutambua ufundi huo. Ibn Battuta naye, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kuwa chakula cha watu wake kilikuwa hasa ndizi na samaki. Basi uvuvi haukuwa mchezo. Miji ilikula kwa jasho la wavuvi.

Tuvitazame sasa vyombo vyenyewe. Ngalawa ni gogo lililochimbwa, aghalabu la mwembe, nalo ni jembamba mno hata lisingeweza kusimama peke yake chini ya tanga. Kwa hiyo hutiwa matengo, yaani mbao mbili zielezazo ubavuni, moja kila upande, zikakizuia chombo kisipinduke. Watu wawili au watatu huitosha. Haihitaji maji mengi; hupita juu ya nyasi za bahari na matumbawe, na maji yakipwa huvutwa mchangani. Mashua ni chombo cha namna nyingine. Hujengwa kwa mkuku, mataruma, mbao na misumari. Hutiwa kalafati ili isivuje, na hubeba watu wengi, nyavu nzito na samaki wengi. Mafundi wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, wamesifika kwa kazi ya namna hiyo. Ama vile vyombo vya kushonwa, vilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na vya misumari vikashika mahali pake.

Mwamuzi wa kwanza kati ya viwili hivi ni mwamba. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi. Ndani yake maji ni haba na matulivu, na humo hupatikana tasi, changu na pweza. Nje yake ni bahari kuu, makao ya nguru na jodari. Mwamuzi wa pili ni upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na wakati huo bahari huwa pole, wavuvi wakavuka mwamba. Kisha huja kusi, ambayo katika Juni na Julai huvuma kwa nguvu, na mwenye ngalawa hulazimika kubaki ndani. Mashua huistahimili bahari kuliko ngalawa. Lakini katika maji haba ya ndani haina kazi, na siku ambazo hata yenyewe haithubutu kutoka hukaa nangani bila kuleta kitu, huku gharama zake zikiendelea.

Mwamuzi wa tatu ni hesabu, na hapa ndipo watu wengi walipojikwaa. Desturi ya uvuvi ni kugawa mapato kwa mafungu baada ya kutoa gharama: chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na watu wana mafungu yao. Mwenye ngalawa aliye nahodha wa chombo chake hupata samaki wachache, lakini fungu la chombo humrudia mwenyewe. Baharia wa mashua ya tajiri huona samaki wengi wakishushwa ufukoni, lakini fungu la chombo na la nyavu huenda kwa mtu ambaye pengine hakulowa hata unyayo. Na aliyekopa fedha apate mashua yake mwenyewe, humtumikia mkopeshaji mpaka deni liishe. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, kwa kuwa kila mzigo hutupwa juu ya mkubwa. Chombo kikubwa hudai mbao, tanga, mafuta ya mashine na vinywa vingi vya kulishwa.

Walakini tusiisifu ngalawa kupita kiasi. Wavuvi wote wakibaki ndani ya mwamba, na nyavu za nailoni zikizidi, samaki wachanga huvuliwa kabla ya kuzaa, na mahali palipolisha mababu hushindwa kuwalisha wajukuu. Wakati huohuo, meli kubwa za mataifa ya mbali zimekuwa zikivua jodari katika bahari hii hii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982 uliipa kila nchi ya pwani haki juu ya samaki hadi maili 200 za bahari. Lakini haki isiyo na chombo cha kuifikia ni kama kisima kisicho na kamba.

Basi jawabu ni lipi? Ngalawa ni chombo cha mtu mmoja. Mashua yafaa iwe chombo cha wengi. Mvuvi mmoja anayejitwisha mashua peke yake hununua bwana wa kumtumikia. Wavuvi kumi wakiinunua kwa ushirika, fungu la chombo litarudi mikononi mwao, nayo maji ya ndani yatapata kupumzika. Anayechagua chombo hana budi kujiuliza maswali matatu: nitavua maji gani, kwa upepo upi, na fungu la chombo litakwenda kwa nani? Asiyeweza kulijibu la tatu asiuze ngalawa yake.